Mashapo ya Kibuyu

Tembo linapodondoka kutoka kwenye karara la mnazi, kabla halijakaa popote, ni halali kwa kila mtu: mtoto, mgonjwa, shekhe, padri. Likishinda ndani ya kibuyu mpaka alasiri, linalevya. Likiachwa siku kadhaa likachacha moja kwa moja, linakuwa siki, na siki ni halali tena. Tunaitia kwenye achari na kula mbele ya imamu bila wasiwasi. Kinywaji ni kilekile, kimepita halali, kikapita haramu, kikarudi halali, na kwa macho hakuna aliyekiongezea wala kukipunguzia kitu. Kama kuna dhambi hapo katikati, ni ya nani, na iliingia saa ngapi?

Kwangu mimi hili si swali la darasani. Ukoo wetu ulikuwa na shamba la minazi Toangoma, mbele ya Mbagala, na safu ya bondeni ya shamba hilo ilikuwa ya tembo tangu enzi za babu mzaa baba. Watu wa nchi nyingine wana mashamba ya mizabibu yanayorithiwa kizazi kwa kizazi. Sisi tulikuwa na hilo. Daftari zangu za shule zilitoka huko, na sare, na mafuta ya taa ya kusomea. Baadaye nikawa karani wa mahakama ya mwanzo, nikaandika mirathi za Wazaramo wenzangu ambamo minazi inatajwa mmoja mmoja na kugawiwa warithi. Sasa nimestaafu, na nina nafasi ya kulisema jambo hili ninavyoliona.

Minazi ya mwambao wetu ni mali yenye historia ndefu. Seyyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, minazi ilikuwa sehemu ya utajiri ulioonekana kwa macho, na wenyeji wa vijijini nao walipanda yao kwa sababu mti ulikuwa hati. Kwa desturi yetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Nimeshuhudia shauri ambamo kiwanja kilikuwa cha mtu mmoja, nyumba ya mwingine, na mnazi uliosimama uani ni wa shangazi wa mtu wa tatu, na shangazi huyo akashinda. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na watoto wake baada yake.

Mwenye mnazi ana uamuzi mmoja wa kufanya, na hauhusu dini. Karara likiachwa lifunguke, linatoa upunga, upunga unakuwa kidaka, kidaka kitale, kitale dafu, dafu koroma, koroma nazi. Safari hiyo inachukua karibu mwaka mzima. Karara likigemwa halizai, ila linalipa jioni ileile. Mwenye mtoto mgonjwa hawezi kuisubiri nazi. Babu alifika huko katika mwaka wa ukame, akaitoa safu ya bondeni kwa mgema, na tangu hapo haikurudi kuzaa. Miti ya juu ilibaki ya nazi. Serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi mwaka 1979, makao yake yakiwa Mikocheni, baba alikwenda huko kuomba miche, akaipanda juu. Safu ya bondeni hakuigusa.

Mgema wetu wa mwisho alitoka upande wa Newala, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Alipanda kabla ya alfajiri na kupanda tena jioni, kotama kiunoni, akikanyaga mapengo aliyoyachonga mwenyewe kwenye shina. Karara changa alilifunga kamba lisipasuke, akaliinamisha kidogo kidogo siku baada ya siku, kisha akawa analikata ncha, kipande chembamba sana kila anapopanda, ili jeraha lisikauke. Karara moja lilimpa tembo kwa wiki kadhaa. Mapatano yalikuwa rahisi: la asubuhi lake, la jioni letu. Babu, aliyekuwa mtu wa swala tano, hakuligusa hata hilo la kwake. Mgema aliliuza lote kilabuni akamletea fedha.

Watu walipomsema, babu alikuwa na jibu moja: "Mimi nauza maji ya mti. Yakishatoka kwangu yana njia zake." Na mgema, aliposikia majirani wanabishana, alisema: "Kwetu kosa ni kulewa, kwenu kosa ni kunywa. Nyinyi malizaneni huku chini, mzee, mimi kazi yangu iko juu."

Jibu la babu si la kijijini tu kama linavyosikika. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka 767, aliruhusu kumuuzia maji ya zabibu mtu anayejulikana kuwa atayafanya mvinyo. Hoja yake: kinachouzwa, saa ya kuuzwa, ni safi, maasi yatakuja baadaye kwa mkono wa mtu mwingine aliye huru kuyafanya au kuyaacha. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, hawakumfuata hapo, walilichukia jambo hilo. Na madhehebu yetu sisi watu wa pwani, ya Imamu Shafii, ni makali zaidi. Imamu Nawawi, katika Minhaj ambayo wanafunzi wa dini mwambao wote wameisoma, anaweka kuuza tende na zabibu kwa mkamua mvinyo katika orodha ya mauzo yaliyokatazwa, ingawa mkataba wenyewe hauvunjiki. Wafafanuzi wanapambanua: ukidhania tu kwamba mnunuzi atafanya hivyo, ni makuruhu; ukijua, ni haramu. Uzito wote unakaa kwenye kujua.

Nilipokuwa kijana nilidhani hapo ndipo hoja inapoishia: babu alijua, basi. Lakini tembo si zabibu. Katika hadithi inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, yumo mkamuaji, na aliyeagiza ikamuliwe, mnywaji, mchukuzi, anayechukuliwa, mnyweshaji, muuzaji, anayekula thamani yake, mnunuzi, na anayenunuliwa. Zabibu haziwi mvinyo mpaka mtu azikamue, azitie chomboni, azifunike, angoje. Kati ya shamba na ulevi pana mikono. Tembo halina mkamuaji. Linadondoka lenyewe, linachacha lenyewe, na tangu Louis Pasteur alipoanza kuchapisha utafiti wake mwaka 1857 tunajua kwamba wanaofanya kazi hiyo ni viumbe hai wadogo, hamira ambazo zimo hewani, kwenye gome la mti na kwenye miguu ya nyuki. Kwa hiyo lile pengo ambalo Abu Hanifa alimwekea mtu wa pili, kwetu limejazwa na hewa na muda. Nani atailaani hewa?

Babu angeifurahia hoja hiyo, na mimi niliibeba miaka mingi. Kilichoiangusha ni vibuyu viwili vilivyokuwa vikining'inia kwenye ukuta mmoja wa jiko letu.

Kimoja kilikuwa cha nyumbani. Bibi alikitia mchanga na maji ya moto, akakitikisa mpaka mikono ikachoka, akakimwaga, akarudia, kisha akakifukiza kwa moshi wa makumbi na kukianika juani. Tembo la kibuyu hicho lilikuwa tamu mpaka karibu na adhuhuri. Alipewa mtoto aliyekuwa akikonda, na lililobaki lilikaa kidogo likaumulia vitumbua. Cha pili kilikuwa cha biashara, na hicho hakikuoshwa kamwe. Mgema alikimimina, akakichungulia, akaacha chini mashapo meupe kina cha vidole viwili, akakirudisha mtini. Mashapo yale ndiyo yaliyoliamsha tembo. Katika joto la Dar es Salaam, tembo lililoingia kwenye kibuyu cha mashapo asubuhi lilikuwa kali kabla ya saa kumi, saa ambayo wateja wa kilabuni walianza kukaa kwenye mabenchi. Lingekuja tamu, wangelirudisha.

Kwa hiyo mkamuaji yupo. Hana mikono inayokamua. Ana mikono inayoacha kuosha. Ndiyo maana haonekani. Ukimtafuta mtu aliyefanya jambo utarudi mikono mitupu, kwa sababu tembo linalevya kwa jambo ambalo mtu hakulifanya, na alijua kwa nini halifanyi. Methali yetu inamlaumu mgema aliyesifiwa akatia maji. Haimlaumu aliyeacha mashapo. Jamii imeona udanganyifu wa kipimo, ikanyamazia ule utulivu wa chini ya kibuyu, pengine kwa kuwa wengi tulikula humo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashekhe wangu wengi na hata na mahakimu niliokaa nao. Tunaambiwa nia ni siri ya moyo, anaijua Mungu peke yake, na mtu akisema "sikukusudia" tunabaki na neno lake. Hadithi ya kwanza kabisa katika mkusanyiko wa Bukhari inasema matendo ni kwa nia, na watu wameitumia kujifichia: nia yangu ilikuwa njema, nani atanipinga? Lakini mahakama haijawahi kufanya kazi hivyo. Hakimu hafungui kifua cha mtu. Anauliza kisu kilinolewa lini, mlango uliachwa wazi na nani, fedha zilihamishwa kabla ya mume kufa au baada. Nia ina mwili. Inakaa katika namna mtu alivyotayarisha chombo kabla jambo halijatokea. Ukitaka kujua kama babu alijua, usimuulize. Chungulia vibuyu vyake. Kama vyote viwili vingekuwa vimeoshwa, na tembo likachacha njiani kwa jua tu, ningesema alidhani. Cha nyumbani kilioshwa na cha kilabuni hakikuoshwa. Alijua kwa usahihi wa saa.

Sisemi haya kumhukumu. Hukumu yake iko kwa aliyemuumba, na fedha ile ilinisomesha. Baba alipofariki, mirathi iligawiwa kwa sheria yetu, kaka akapata minazi 12 na mimi 6, na mitatu kati ya yangu ilitoka safu ya bondeni. Nilichukua fedha ya mgema mwisho wa kila wiki nikalipia ada za watoto, na sikumwambia mtu kwamba ni fedha ya nazi. Ninachokataa ni ile hoja ya hewa na muda. Muda hauna kosa. Muda huohuo ukiachwa uendelee unalisafisha tembo likawa siki, na Mashafii wanasisitiza ligeuke lenyewe, bila kutiwa kitu cha kuliharakisha. Kwa tembo kuwa kali na kwa tembo kuwa siki, swali la mafakihi ni lilelile: je, kuna mkono uliotia kitu?

Mgema wetu aliwahi kuniambia kwamba kwao siki ni hasara tupu, nami nikaja kuelewa alichomaanisha niliposoma jinsi Kanisa Katoliki linavyoitunza divai ya misa. Sheria yake inataka divai ya asili, ya zabibu, isiyoharibika. Ikishakuwa siki haifai altareni, na tembo la mnazi halifai hata likiwa bichi. Ndiyo sababu moja ya mizabibu kufika katikati ya nchi yetu: ililetwa na wamisionari wa Kiitaliano waliolima Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950, na leo familia nyingi za Wagogo zinaishi kwa zabibu. Mvinyo wa Dodoma unawekwa kwenye chupa, unaandikwa mwaka, unasubiri. Familia yenye mizabibu inaweza kukuonyesha mwaka wa babu yao umekaa rafuni. Tembo halina mwaka. Lina asubuhi na jioni. Shamba kama letu halikuacha chupa hata moja ya kumbukumbu, na kwa hiyo kilichorithiwa ni vyombo na mazoea ya kuvitumia. Pale ambapo Mkatoliki anaona uchachu umeharibu, Muislamu anaona umetakasa, lakini wote wawili wanakagua chombo.

Wapo waliolitatua jambo hili kwa njia nyingine kabisa. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa pwani ya Kenya, aliandika juu ya watu waliokuwa wakinunua minazi na ardhi ya jirani zao na kutajirika. Huko tembo lilikuwa shahidi: mauzo, mahari na mashauri yalithibitishwa kwa kunywa pamoja na wazee. Baadhi ya matajiri hao wapya walisema wamepandwa na majini ya Kiislamu yasiyotaka tembo, wakasilimu, na kwa hiyo hawakulazimika tena kukaa kwenye duara la kunywa pamoja na jirani waliowanunulia miti, jirani ambao huenda wangewaroga. Minazi waliendelea kuimiliki. Nikisoma habari hiyo naona picha ya babu iliyogeuzwa: yeye alikuwa Muislamu kwanza akatafuta njia ya kuishi na tembo, wao walikuwa na tembo kwanza wakapata njia ya kuuza bila kunywa. Pande zote mbili mdomo ulikuwa msafi.

Serikali nayo imo. Wakoloni walitoa leseni za vilabu na kutoza ada, na sheria yetu ya vileo ya mwaka 1968 nayo inafanya kazi kwa leseni. Anayekula thamani yake, yule wa nane katika orodha ya watu kumi, anaweza kuwa halmashauri, na kupitia halmashauri anaweza kuwa mgonjwa aliyelazwa zahanati. Ukiifuata fedha mpaka mwisho hutabaki na mtu safi mjini. Ndiyo maana sipendi njia ya kuifuata fedha mbele. Nafuata chombo nyuma.

Mwaka 2002 ulikuja mradi wa viwanja 20,000, na Toangoma ilikuwa moja ya sehemu zilizopimwa. Mthamini alipita na daftari lake mti kwa mti. Alipofika bondeni akatazama juu, hakuona nazi hata moja, akauliza: "Hii inazaa?" Kaka akamjibu, "Inazaa, mheshimiwa." Akaandika unazaa. Mpaka leo sijaamua kama ule ulikuwa uongo.

Fidia ilipotoka, baba mdogo alichukua sehemu ya fungu lake akaipeleka msikitini, achangie ukuta. Shekhe, mzee wa kutoka hukohuko kwetu, akamuuliza: "Ni ya minazi ya nazi au ya tembo?" Baba mdogo, aliyekuwa hapendi kusema uongo ndani ya msikiti, akasema imechanganyika. Shekhe akafikiri, akasema: "Ilete, lakini isiingie kwenye ukuta. Tutajengea vyoo." Walicheka wote wawili. Vyoo vilijengwa, vizuri kuliko ukuta, na vinatumiwa mara tano kwa siku na watu wanaokwenda kujitwaharisha.

Shekhe yule alikuwa na hekima yake, lakini alikuwa akiisafisha fedha baada ya kazi kuisha. Minazi imekwisha kukatwa, mahali pa safu ya bondeni pana nyumba za vigae, na wagema waliobaki Kongowe na Kigamboni wanakingia kwenye chupa za maji na madumu ya plastiki, vyombo ambavyo ni rahisi kuosha kuliko kibuyu, na ni rahisi vilevile kuacha kuosha. Swali halikuondoka na minazi. Kaka alitumia fidia yake kujenga nyumba Mbagala yenye fremu tatu zinazotazama barabara. Fremu moja aliipangisha kwa kijana aliyesema atauza vinywaji. Nilipomuuliza kaka vinywaji gani, akaniambia: "Dada, mimi napangisha fremu. Anachouza ndani ni chake." Niliisikia sauti ya babu waziwazi.

Sikubishana naye kuhusu nia. Nilikwenda kuitazama fremu. Ndani palikuwa na kaunta ya zege yenye vigae, imejengwa kwa fedha ya kaka kabla mpangaji hajaingia, na swichi za umeme za majokofu matatu, na nje baraza limesogezwa mbele kupata nafasi ya viti. Fremu mbili nyingine hazina hata rafu. Nikamwambia: "Kaka, haya ndiyo mashapo." Alielewa papo hapo, maana alikulia kwenye jiko lilelile.

Faida ya kutazama chombo ni kwamba inawafungua wengi kuliko inavyowafunga. Mwenye nyumba aliyepangisha fremu tupu kwa fundi cherehani, na fundi akageuka muuza pombe, hana deni. Mama aliyeuza tembo tamu la kibuyu kilichooshwa, likachachia kwenye pikipiki ya mteja, hana deni. Hatuwezi kuzilinda saa zote zinazofuata baada ya kitu kutoka mikononi mwetu, na dini haikututaka tuzilinde. Ilitutaka kwanza tujue hali ya chombo tulichokabidhi. Anayesema "sikujua" na kibuyu chake ni safi, mwamini. Anayesema "sikujua" na vidole viwili vya mashapo viko chini, ameshajibu.

Kaka ameivunja kaunta. Mpangaji hakuhama; anauza vinywaji vilevile kwenye meza ya plastiki, na jokofu amelileta mwenyewe. Mkataba wake unaisha Desemba. Kaka akimpa mkataba mpya, hawezi tena kusema alidhania. Akimnyima, atapoteza kodi ya miezi sita na huenda fremu ikakaa tupu. Ameniomba ushauri mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa karani na nina Minhaj nyumbani. Nimemwambia kitabu kinashughulika na mtu anayejua na mtu anayedhania, na kwamba yeye siku ileile alipomlipa fundi wa kuvunja kaunta aliacha kuwa wa pili.